Sola juu ya paa England: kibali gani unahitaji, na kipi ulishapewa bila kuomba

Juzi kati dada mmoja, rafiki wa familia, alinipigia simu saa nne usiku. Kampuni ya sola ilikuwa imekuja mchana kupima paa lake, na yule kijana aliyekuja na tableti akamhakikishia kwa mdomo kwamba kibali hakihitajiki, asaini tu na wiki tatu zijazo paneli ziko juu. Jioni ametulia na chai yake anasoma mkataba, ukurasa wa mwisho kabisa anakuta kimstari kinasema mteja ndiye atakayehakikisha vibali vyote vinavyotakiwa vimepatikana. Sasa akaniuliza, kaka, kama vibali havipo kwa nini wananiambia nivitafute, nisaini nisisaini?

Nikamwambia asisaini usiku ule, tukae kwanza tuipitie nyumba yake kipande kwa kipande. Na nimeona niandike hapa yale tuliyoyapitia kwa sababu watu wengi sana wetu huku wananunua nyumba sasa hivi, bili za umeme zinawakaba, wanataka sola, na neno "kibali" linawachanganya maana ndani yake kuna vibali kama vinne au vitano tofauti vinavyotoka kwa watu tofauti, na mtu wa mauzo akisema hakuna kibali huwa anaongelea kimoja tu kati ya hivyo.

Kabla sijaendelea, nazungumzia England tu. Scotland, Wales na Northern Ireland wana sheria zao za mipango, vipimo vingine vinafanana na vingine havifanani kabisa, kwa hiyo ukiwa Cardiff au Glasgow usichukue vipimo vya hapa ukampa fundi wako.

Tuanze na msingi wenyewe. Tangu tarehe 1 Julai 1948, ilipoanza kutumika sheria ya mipango miji ya 1947, mtu Uingereza anaweza kumiliki ardhi na nyumba lakini haki ya kujenga au kubadilisha kwa kiasi kikubwa haiji pamoja na hati, lazima upewe ruhusa. Sasa serikali iliona kabisa kwamba kila mtu akiomba ruhusa ya kila kitu kidogo kaunsili, yaani halmashauri za maeneo, zitazama kwenye makaratasi, ndo ikaja amri inayotoa ruhusa ya jumla kwa mambo fulani, yaani bunge limeshakuandikia ruhusa wewe na jirani yako na kila mtu mwenye nyumba ya aina hiyo, huombi, hulipi ada. Sola za nyumbani ziliingizwa kwenye ruhusa hiyo ya jumla tarehe 6 Aprili 2008, na kwa sasa zimo kwenye Sehemu ya 14 ya amri ya mwaka 2015.

Nasisitiza hapa maana ndipo watu wanapoteleza. Hujaambiwa kwamba ruhusa haihitajiki. Umeambiwa ruhusa umeshapewa, na imekuja na masharti, na ukivunja sharti moja tu ile ruhusa inakuwa haikuhusu, unahesabika kama mtu aliyejenga bila kibali.

Masharti yenyewe kwa paa la kawaida la mteremko wala si makali. Paneli isichomoze zaidi ya sentimita 20 kutoka kwenye uso wa paa au ukuta, na isipite sehemu ya juu kabisa ya paa, dohani haihesabiwi. Ukiangalia fundi anavyofunga utaona kwa nini nyumba nyingi zinapita bila shida: anainua kigae kimoja, anapachika ndoano ya chuma kwenye boriti chini yake, anarudisha kigae, juu ya ndoano anapitisha reli ya alumini, paneli inalala juu ya reli na kubanwa na vibanio, na paneli yenyewe unene wake ni kama sentimita tatu na nusu. Ukishusha futi kutoka uso wa juu wa paneli hadi kwenye kigae, kwa pembe ya mraba na mteremko, unapata kama sentimita kumi hadi kumi na tano. Wanaovuka 20 ni wale ambao paa lao halitazami jua vizuri, fundi anaamua kuziinua paneli kwa fremu upande mmoja ili zitazame kusini. Hapo ushatoka nje ya ruhusa, unatakiwa uombe kibali kamili.

Kuna sharti jingine halina namba na ndilo linalozua ubishi, kwamba paneli ziwekwe kwa namna inayopunguza athari kwa mwonekano wa nyumba na mtaa, kadiri inavyowezekana. Wengine wanalitafsiri kwamba sola lazima ikae nyuma ya nyumba. Hapana. Hayo maneno "kadiri inavyowezekana" yana uzito wake, kama upande wako wa nyuma unatazama kaskazini na wa mbele unatazama kusini barabarani, kuziweka nyuma ni kutupa hela, hakuna anayekulazimisha hivyo. Linachokataza ni uzembe, nyaya zinaning'inia ukutani mbele, paneli zimetawanywa moja huku moja kule kama viraka wakati zingepangwa safu moja.

Turudi kwa dada. Nyumba yake ni ya mtaa ule wa nyumba zilizoungana, ya zamani, paa la mbele linatazama kusini barabarani, nyuma kuna ekstensheni ya jiko yenye paa bapa. Kampuni imempangia paneli 8 mbele na 4 juu ya jiko, za jiko zimeinuliwa kwa fremu. Na mtaa wake uko ndani ya eneo la hifadhi, yaani yale maeneo ambayo kaunsili imeyatenga kwa ajili ya sura yake ya kihistoria, yako karibu 10,000 England nzima kwa hiyo si jambo la ajabu kujikuta unaishi humo.

Jirani alikuwa ameshamtisha kwamba eneo la hifadhi maana yake hakuna sola upande wa barabara. Hili nimelisikia mara nyingi mno na si kweli. Ndani ya eneo la hifadhi ruhusa ya jumla inakataza paneli kwenye UKUTA unaotazama barabara. Ukuta. Paa la mteremko halikutajwa, kwa hiyo zile paneli 8 za mbele ziko sawa, mradi zile 20 zizingatiwe na mradi hakuna amri maalumu ya mtaa ambayo nitaieleza hapa chini kidogo.

Paa bapa ndo lina hadithi yake. Zamani paneli za kuinuliwa kwenye paa bapa zilikuwa shida kwelikweli maana ukiinua tu ushapita sehemu ya juu ya paa. Tarehe 21 Desemba 2023 sheria ikabadilishwa, sasa kwenye paa bapa unaruhusiwa kupanda hadi sentimita 60 juu ya sehemu ya juu kabisa ya paa, ambayo kwa fremu nyingi inatosha. Lakini mabadiliko hayohayo yakaweka kipengele kwa maeneo ya hifadhi na hifadhi za taifa na mengine ya kundi hilo, kwamba kwenye paa bapa lazima kwanza uombe idhini ya awali ya kaunsili, wao wanaangalia mwonekano tu basi. Hii si kama kibali kamili, ni nyepesi zaidi, ila lazima iombwe KABLA ya kufunga, ukishafunga huwezi kuiomba kwa kurudi nyuma. Kwa hiyo zile paneli 4 za jikoni zilikuwa zinahitaji kitu, na yule kijana alisema hazihitaji.

Simlaumu sana kijana, pengine hata hakuuliza kama mtaa ni wa hifadhi. Ila ndo ujue, kwenye sheria anayebeba mzigo ni mwenye nyumba. Barua ya kaunsili haiendi kwa kampuni, inakuja mlangoni kwako.

Ile amri maalumu niliyosema inaitwa Article 4. Kaunsili ina uwezo wa kuchukua mtaa fulani, hata nyumba chache tu, na kuondoa ruhusa ya jumla kwa jambo fulani, kwa hiyo kwa nyumba hizo inabidi uombe kama kawaida. Si nyingi zinazogusa sola ila zipo, na unaipata kwenye tovuti ya kaunsili yako au unawaandikia barua pepe. Na kuna ndugu yake ambayo inawapata watu walionunua nyumba mpya, hii haisemwi kabisa: mjenzi alipopewa kibali cha kujenga mtaa mzima, kaunsili inaweza kuwa iliweka sharti kwamba wenye nyumba hawatakuwa na ruhusa ya jumla, na juu ya hapo mjenzi mwenyewe anaweza kuwa ameweka kipengele kwenye hati ya nyumba kwamba usibadilishe mwonekano wa nje bila idhini yake. Hivyo ni vitu viwili tofauti, kimoja cha kaunsili kingine cha mkataba, na kupata kimoja hakukupi kingine. Toa hati yako ile wakili aliyokupa siku ya kununua, ile ambayo hakuna anayeisoma, uisome.

Halafu kuna majengo yaliyoorodheshwa kama urithi. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Orodha ya England ina karibu 400,000, na zaidi ya asilimia 90 ni daraja la II, lile la chini kabisa, ambazo nyingi ni nyumba za kawaida tu watu wanaishi, si makasri. Kama nyumba yako imo kwenye orodha, hata kama upande wa mipango ungekuwa umekaa vizuri, unahitaji idhini ya jengo la urithi, na kufanya kazi inayogusa sura ya jengo hilo bila idhini ni kosa la jinai, si la kuandikiwa barua tu, na halina muda wa kuisha, hata baada ya miaka 30 bado wanaweza kukudai urudishe. Na si nyumba peke yake, banda au gereji uani lililokuwepo kabla ya 1 Julai 1948 kwa kawaida linahesabiwa ni sehemu ya jengo lililoorodheshwa. Kuangalia ni bure, dakika mbili, orodha ya Historic England iko mtandaoni unaandika postikodi yako tu. Na maombi ya idhini hiyo hayana ada.

Lakini mtu asikwambie jengo la urithi maana yake haiwezekani. King's College Chapel kule Cambridge, jengo la daraja la I la karne ya 15 na 16, lilipewa kibali mwaka 2023 na leo lina paneli juu ya paa lake. Gloucester Cathedral iliweka paneli 150 mwaka 2016. Yale ni majengo ambayo paa limefichwa kwa sehemu kubwa na kuta zilizopanda, ukisimama chini huzioni kirahisi, na hiyo ndo hoja utakayoijenga na wewe: zinaonekana kutoka wapi, zinafungwaje bila kuharibu mbao za zamani, siku zikitolewa jengo linabaki vilevile au la.

Ambao wana bustani kubwa wanauliza kuhusu kuziweka chini. Ruhusa ya jumla inatoa seti moja tu kwa nyumba, kimo kisizidi mita 4, iwe angalau mita 5 kutoka mpaka wa kiwanja, eneo la paneli lisizidi mita za mraba 9, na hakuna upande unaozidi mita 3. Watu wanaishia kwenye ile 9 wanapiga hesabu paneli nne. Chukua penseli. Paneli ya kawaida ya nyumbani ni kama mita 1.72 kwa 1.13. Nne ni mita za mraba 7.8, sawa, uko chini ya 9. Lakini zipange: mbili kwa mbili upande mmoja unakuwa mita 3.44, umevuka 3. Zipange tatu kwa safu moja, 3.4, umevuka tena. Ukweli ni kwamba kwa paneli za saizi hiyo, zikipangwa kwa safu za kawaida zote upande mmoja, zinakaa mbili tu, ukitaka zaidi ni ama utafute paneli ndogo au uombe kibali kamili. Na ile mita 5 kutoka kila mpaka inaondoa bustani nyingi za mjini kabla hata hujafika kwenye penseli. Kama uko eneo la hifadhi na unataka kuziweka upande wa barabara, ongea na kaunsili kwanza.

Flati. Ruhusa ya jumla inagusa hata majengo ya flati, lakini kama wewe unamiliki flati kwa lisi, yaani mkataba wa kuikalia kwa miaka mingi huku jengo likiwa la mtu mwingine, paa si lako, ni la mwenye jengo, na bila idhini yake kwa maandishi huwezi kugusa hata kigae. Hili halina uhusiano wowote na kaunsili. Nimeona watu wanaleta barua ya kaunsili kwa mwenye jengo wakidhani watamlazimisha nayo, hailazimishi.

Basi hapo tumemaliza kibali cha mipango, na ndo kimoja tu. Cha pili ni kanuni za ujenzi, hizi zinauliza maswali mengine kabisa: paa litabeba? Paneli moja ina kama kilo 20, ongeza reli, ongeza upepo unaovuta kutoka chini ambao mara nyingine ndo hatari kuliko uzito wenyewe, na nyaya za umeme zimefungwa kwa usalama? Ukitumia fundi aliyesajiliwa kwenye mpango wa kujithibitishia kazi, yeye ndiye anayetoa taarifa na wewe unaletewa cheti. Usipoletewa, kidai. Na jukwaa la mafundi likisimama juu ya njia ya waenda kwa miguu linahitaji leseni yake, hilo ni la kampuni ya jukwaa ila uliza kama wanayo.

Cha tatu ni kampuni ya nyaya, namaanisha wale wenye mtandao wa umeme wa eneo lako, si yule unayemlipa bili. Hapa ndipo kijana alimkosea dada mara ya pili. Kama inveta yako, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, haizidi ampea 16 kwa fezi, yaani kilowati 3.68 kwa nyumba nyingi za fezi moja, inatumika taratibu ya G98, fundi anafunga kwanza halafu anawaarifu ndani ya siku 28. Ukizidi hapo ni G99, unaomba KABLA na unasubiri jibu, na wanaweza kukujibu sawa lakini usirudishe kwenye gridi zaidi ya kiasi fulani. Dada alikuwa amepangiwa paneli 12 na inveta ya kilowati 5. Kwa hiyo ile "wiki tatu" haikuwa ya kuahidiwa, maana jibu la kampuni ya nyaya ni la kusubiriwa.

Cha nne si kibali lakini bila hicho utajuta: cheti cha MCS, yaani cha mpango unaosajili mafundi na vifaa vya sola. Ule mpango wa zamani wa kulipwa kwa kila uniti ulifungwa kwa waombaji wapya mwishoni mwa Machi 2019, na tangu 1 Januari 2020 kuna utaratibu ambao wauzaji wa umeme wenye wateja 150,000 na zaidi wanalazimika kukununulia umeme unaoingiza kwenye gridi, bei wanapanga wao. Ili wakununulie watataka mita janja na cheti cha MCS au kinacholingana nacho. Fundi wa bei chee asiye na usajili huo atakufungia sola inayofanya kazi vizuri kabisa na umeme wako wa mchana utakuwa unaenda kwa watu bila kulipwa.

Mtu wa mauzo atakuharakisha pia na VAT. Ni kweli kwamba ufungaji wa sola nyumbani una VAT ya asilimia 0 tangu 1 Aprili 2022, na kwa sheria ilivyo ni hadi 31 Machi 2027. Ni unafuu wa kweli, ila usiruke kibali kwa sababu yake, kurekebisha kosa kutakula unafuu wote.

Na kosa linakaa muda mrefu. Zamani kaunsili ilikuwa na miaka 4 kuchukua hatua kwa kazi ya ujenzi iliyofanywa bila kibali, kuanzia 25 Aprili 2024 England ni miaka 10. Ukiwa na shaka kama uko ndani ya masharti, kuna cheti cha uhalali, unapeleka michoro, unalipa nusu ya ada ya maombi ya kawaida, kaunsili ina wiki 8 kukujibu kwa maandishi kwamba ndiyo hii ni halali. Kwa nyumba isiyo na utata si lazima. Kwa nyumba kama ya dada mimi ningekichukua.

Majirani, kwa kifupi. Ukiwa ndani ya ruhusa ya jumla jirani hana pa kupeleka pingamizi. Lakini kinyume chake kinapendeza kujua: mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua dhidi ya halmashauri ya Medway, iliyokuwa imempa mtu kibali cha kupanua nyumba kwa namna ambayo ingetia kivuli paneli za jirani yake na ikasema hilo ni suala lao binafsi. Mahakama ikasema hapana, kivuli juu ya paneli ni jambo la kupimwa kwenye maombi, na kibali kikafutwa. Kwa hiyo ukipokea barua kwamba jirani anataka kupandisha ghorofa, una hoja ya kuandika.

Dada hakusaini. Asubuhi aliandikia kaunsili barua pepe kuuliza kama nyumba yake ina Article 4 inayogusa paa, wakamjibu haina. Kampuni ikambadilishia kwotesheni: paneli 8 za mbele tu, za wati 430, na inveta ya 3.68, kwa hiyo ikabaki kwenye kuarifu baada ya kufunga, na zile 4 za jikoni zikawekwa pembeni mpaka idhini ya awali itoke. Ameanza faili lenye jibu la kaunsili na picha za paa kabla ya kazi, na ameacha nafasi ya cheti cha MCS, cheti cha kanuni za ujenzi na barua ya kampuni ya nyaya. Siku atakapouza nyumba, wakili wa mnunuzi atayaomba yote hayo.